Tazama Mkia Kabla ya Kuhesabu Mayai

Watu wakijua kwamba nafuga mijusi, wakishamaliza kushangaa, huniuliza swali moja: wanataga mayai mangapi? Wafugaji wenzangu nao ni walewale. Msimu ukiisha kila mmoja anataja idadi aliyookota, na mwenye nyingi ndiye anayetembea kifua mbele. Sijawahi kumsikia mtu akijisifu kwamba jike wake amemaliza msimu na uzito aliouanza nao. Kwangu mimi hilo ndilo la kujisifia, na miaka ya kuwapima wanyama hawa ndiyo iliyonifikisha hapo.

Ninaowafuga zaidi ni wale wenye madoa ya chui na mkia mnene, Eublepharis macularius kwa jina la kitaalamu, ambao asili yao ni nyika kavu za Pakistani, Afghanistan na kaskazini-magharibi mwa India. Ni jamaa wa mjusi kafiri wa ukutani, ila hawa hawapandi kuta, na wana kope; wakilala hufumba macho. Jike mzima huwa na gramu 50 hadi 70. Hutaga mayai mawili kwa mkupuo, kila moja likiwa na gramu 3 hivi, na baada ya wiki tatu au nne hurudia tena, hivyo hivyo msimu mzima. Piga hesabu mwenyewe. Jike wa gramu 60 akitaga mara moja ametoa sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Akitaga mara tano ametoa nusu. Na hapo tumehesabu uzito wa mayai tu, gharama nyingine hatujazigusa.

Nina mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, na daftari ambalo kila jike ana ukurasa wake. Zile namba ukizisoma bila kumtazama mjusi mwenyewe zitakupoteza. Jike akishabeba mayai uzito wake hupanda, na kwenye karatasi anaonekana anastawi. Mayai yanajaa maji, tumbo linatuna, namba inakwenda juu wiki baada ya wiki. Lakini hebu mwache apande kwenye kioo, kisha umchungulie kwa chini. Kupitia ngozi ya tumbo utayaona mayai yenyewe, vivuli viwili vyeupe vyenye uwaridi kidogo, kimoja kila upande, na mara nyingi kimoja kimetangulia mbele ya mwenzake. Sasa hamisha macho uende nyuma. Mkia uliokuwa mnene kupita shingo umeanza kusinyaa pale kwenye shina. Juu ya nyonga mifupa miwili imeanza kujichora. Mizani inasema ameongezeka, kumbe yeye mwenyewe amepungua. Kilichoongezeka ni mzigo.

Siku ya kutaga ndipo hesabu inapojiweka wazi. Usiku kucha anafukua kwenye kisanduku chenye udongo wa unyevunyevu, anageuka, anafukua upya. Asubuhi unamkuta mbavu zimebonyea na ngozi ya ubavuni imekunjamana. Jike aliyesoma gramu 63 jana yake anasoma 55, na mayai yote mawili hayafiki 7. Tofauti inayobaki ni maji yaliyotoka pamoja nayo na jasho la usiku ule, kwa maana ya kazi, maana mjusi hatoki jasho.

Ili kuelewa huo unene wa mkia umekwenda wapi, ilinibidi nisome mambo ya ini. Wakati wa kutengeneza mayai, homoni ya estrojeni hulichochea ini la jike litengeneze protini iitwayo vitellojenini. Ini lenyewe huvimba. Protini hiyo, ikiwa imebeba na mafuta, husafiri kwenye damu hadi kwenye ovari, kiungo cha jike kinachotengeneza mayai, na huko hugeuzwa kuwa kiini cha yai. Mafuta hayo hutolewa akibani. Mijusi wengi wana vipande viwili vya mafuta ndani ya tumbo, upande wa chini karibu na nyonga, na jamii kadhaa, wakiwemo hawa wangu, huweka sehemu kubwa mkiani. Gramu moja ya mafuta ina nishati ya kilojuli 39 hivi, wakati gramu ya protini ina kama 23. Kinda atakayeanguliwa hana mama wa kumlisha, kwa hiyo kila atakachohitaji hadi mlo wake wa kwanza lazima kiwemo ndani ya ganda. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa mjusi jike ni utajiri tupu: mafuta yasipokuwepo, hakuna yai.

Kuna jambo ambalo huwachanganya wengi. Mjusi hupata joto lake kutoka nje, hachomi chakula ili kuupasha mwili. Kwa siku nzima porini hutumia chini ya sehemu moja ya kumi ya nishati inayotumiwa na mnyama anyonyeshaye wa uzito uleule. Mtu akisikia hivyo anadhani basi uzazi kwake ni rahisi. Ni kinyume. Kwa kuwa matumizi yake ya kila siku ni kidogo, na mapato yake vilevile ni kidogo, mkupuo mmoja wa mayai unakuwa tonge kubwa kwenye bajeti yake ya mwaka. Kiumbe anayeweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asidhoofike, huyohuyo anabaki ngozi na mifupa kwa msimu mmoja wa kutaga.

Si mijusi wote wanaolipa kwa njia moja. Wapo wanaoishi kama mtu aliyeweka fedha benki, wanajaza mafuta msimu mmoja na kuyatumia kuzalia msimu unaofuata, na wapo wanaoishi kama kibarua wa kutwa, wanazalia kile walichokula juzi. Anolis carolinensis, yule mjusi wa kijani wa kusini-mashariki mwa Marekani, yuko karibu na kibarua: hutaga yai moja tu, kisha baada ya wiki moja au mbili jingine, na kuendelea hivyo hadi msimu wa joto uishe. Yai moja moja lina faida yake, kwani mzigo tumboni haulemei. Hasara ni kwamba chakula kikikatika, na mayai yanakatika.

Nishati peke yake haitoshi. Ganda linataka kalsiamu, na hapa mjusi kafiri wa ukutani ni somo zuri kuliko hata hawa wangu, kwa kuwa mayai yake yana ganda gumu la chokaa. Jike wake akiwa amekaa juu ya kioo cha dirisha na taa iko nyuma yake, yatazame mayai mawili kwenye tumbo lake linaloonyesha, kisha tazama shingo. Wengine wana vivimbe viwili vyeupe pembeni mwa shingo. Mgeni huniambia mjusi huyo ana jipu. Ile ni chokaa, kalsiamu kaboneti iliyohifadhiwa kwenye vifuko vilivyoungana na sikio la ndani, akiba ya kutengenezea maganda. Nimewahi kumfuatilia jike mmoja aliyezoea dirisha langu, na vile vivimbe vikawa vinajaa na kupungua kadiri alivyotaga. Mfugaji asiyetoa unga wa kalsiamu ataona matokeo yake: jike anatetemeka vidole, taya linalegea, na mwili unaanza kuichota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe.

Sasa nije kwenye gharama ambazo huwezi kuziokota na kuziweka kwenye mizani.

Jike mwenye mayai hubadilika tabia. Wangu huhamia upande wa joto na kung'ang'ania huko, kwa kuwa mayai yanahitaji joto ili yakue, na mwili wenye joto zaidi unateketeza nishati zaidi. Siku za mwisho wengi wao hukataa kula kabisa. Nyenje anapita mbele ya pua, jike anamtazama tu. Tumboni hakuna nafasi, na hata hamu haipo. Ni ajabu kidogo ukifikiri: wakati gharama iko juu kabisa, ndipo mapato yanaposimama.

Na kukimbia kunapungua. Mwaka 1980 Richard Shine alichapisha utafiti juu ya mijusi wa jamii ya guruguru wa Australia, akaonyesha kwamba majike wenye mimba walikimbia polepole zaidi kwa asilimia 20 hadi 30 na kukaa juani muda mrefu zaidi. Porini huo ni mwaliko kwa nyoka. Kwa hiyo katika gharama za yai weka pia uwezekano wa kuliwa. Hiyo haipimwi kwa kilojuli, lakini huenda ndiyo kubwa kuliko zote. Laurie Vitt na Justin Congdon walikuwa wameshaligusia hilo mwaka 1978 kwa njia nyingine: mijusi wanaowinda kwa kuvizia, wale wanaokaa tuli wakingoja mdudu apite, hubeba mayai mazito zaidi kulingana na mwili wao kuliko wale wanaozungukazunguka kutafuta. Anayeishi kwa miguu hawezi kujibebesha mzigo.

Wanaozaa watoto hai nao wana yao. Nampenda sana Tiliqua rugosa wa Australia, mjusi mzito, mvivu wa kutembea, mwenye mkia mfupi mnene mfano wa kichwa chake. Huzaa watoto wachache tu, mmoja hadi wanne, lakini wakubwa kupita kiasi. Uzao mzima unaweza kufikia theluthi moja ya uzito wa mama. Wakikaribia kuzaliwa wanabana mapafu na utumbo, mama anapumua kwa shida na kula kidogo. Anayetaga mayai hushusha mzigo mapema na kuuachia udongo joto la kuulea. Huyu anaubeba miezi, na hewa ya watoto ni yeye anayeivuta.

Wafugaji wa shule ya zamani wakinisikia hivi huniambia, "Kaka, hayo ni maneno. Mjusi akitaga ametaga, kama angekuwa anaumia asingetaga." Huwa nawajibu kwa majaribio ya Barry Sinervo, kwa sababu ni mazuri mno. Mjusi wake alikuwa Uta stansburiana, kiumbe mdogo wa magharibi mwa Marekani. Kwa sindano alinyonya sehemu ya kiini kwenye mayai, na makinda yakatoka madogo. Kisha, kwa majike wengine, aliondoa baadhi ya mayai machanga yaliyokuwa bado kwenye ovari. Yaliyobaki yakapata kiini kingi zaidi na kuwa makubwa kuliko kawaida, mengine makubwa hadi jike akashindwa kuyatoa. Maana yake fungu ni moja, na linagawanywa: ukipunguza idadi, kila yai linanenepa, na unene nao una mpaka, ambao ni upana wa nyonga. Allan Landwer naye mwaka 1994 aliwapunguzia mayai majike wa Urosaurus ornatus, mjusi wa mitini wa huko huko Marekani. Waliopunguziwa walikua zaidi na walinusurika zaidi kuliko waliobeba mzigo kamili. Kwa hiyo ndiyo, anaumia, na anataga hivyo hivyo.

Mkia ulinifundisha zaidi ulipokatika. Majike wangu wawili waligombana, mmoja akabaki na kigutu. Mkia huota tena, unatoka mfupi, mnene, umekosa zile pete za mwanzo, lakini kuuotesha nako ni gharama. Msimu ule alichelewa kutaga, na alipotaga mayai yalikuwa mepesi kuliko ya mwaka uliotangulia. Wala haikuwa bahati mbaya yake peke yake: Benjamin Dial na Lloyd Fitzpatrick walichapisha mwaka 1981 matokeo ya namna hiyo kwa Coleonyx brevis, binamu wa hawa anayeishi majangwani Marekani ya Kaskazini. Aliyepoteza mkia alitaga mayai yenye uzito na nishati pungufu. Tangu hapo kila jike anakaa kwenye kizimba chake.

Madume nao tusiwasahau. Mbegu za kiume zenyewe ni nafuu ukilinganisha na kiini cha yai. Kinachowamaliza ni vurugu. Dume wangu mkubwa msimu ukianza hutembea kizimba kizima usiku, anatikisa mkia, anakwaruza kioo akisikia harufu ya jike, na chakula hana habari nacho. Catherine Marler na Michael Moore walilipima jambo hili huko Arizona, Marekani, kwa mjusi aitwaye Sceloporus jarrovi. Waliwawekea madume testosteroni, homoni ya kiume, kwa kidonge chini ya ngozi, wakati ambao si wa kupandana. Madume hao wakazunguka zaidi, wakalinda maeneo zaidi, na wakafa zaidi. Lakini walipoongezewa chakula, hatari ile ilipungua. Nafikiri hakuna namna safi zaidi ya kuonyesha kwamba kilichowaua ni kuishiwa nishati, si homoni yenyewe.

Mtu akitaka kuona mwisho wa njia hii amtafute Furcifer labordi, kinyonga wa Madagaska. Hukaa ndani ya yai miezi minane hadi tisa. Akianguliwa anakua kwa kasi, anapandana, anataga na kufa, yote ndani ya miezi minne au mitano, na kuna kipindi cha mwaka ambapo hakuna kinyonga mzima hata mmoja wa aina yake aliye hai, ni mayai tu ardhini. Habari zake zilichapishwa mwaka 2008. Mjusi wangu anaweza kuishi miaka zaidi ya 15 akitunzwa, na sehemu ya huko kutunzwa ni kutomwendesha mbio za kinyonga huyo.

Basi nafanyaje? Kwanza simkutanishi jike na dume kwa kuangalia umri peke yake. Nataka mkia wake, pale palipo panene, uwe umeshinda au angalau umelingana na upana wa shingo, na uzito wake uwe umetulia bila kupandapanda. Dume simwachi kizimbani. Jike huhifadhi mbegu, na kupandana mara moja kunaweza kumtosha mikupuo kadhaa, hivyo dume kukaa naye ni kumsumbua bure. Hata hivyo kumtoa dume hakumalizi kazi, kwa sababu jike anaweza kutaga mayai yasiyo na mbegu, na hayo nayo yana kiini, yana ganda, yana bei ileile.

Lililonishangaza kuliko yote ni chakula. Akili inakwambia jike amekonda, mlishe sana. Nikawalisha, nyenje na mende na minyoo ya unga kila walipotaka, na mkia haukujaa. Waliongeza mkupuo. Katikati ya msimu mwili wa jike unakipeleka chakula cha ziada kwenye yai linalofuata, haukiweki akibani. Urosaurus ornatus porini wanaonyesha upande wa pili wa hilo hilo: miaka ya ukame, wadudu wakiadimika, walitaga mayai machache na mikupuo michache. Kinachofunga msimu, kwa mjusi aliyeshiba, ni majira. Kwa hiyo jike wangu akishafikia uzito nisioupenda, naendelea kumlisha na kalsiamu hadi atage alichobeba, namwacha chakula kimwishe tumboni akiwa bado kwenye joto, maana mjusi mwenye baridi hawezi kusaga mlo, kisha ndipo naanza kupunguza saa za taa na nyuzi za joto, kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ovari zinatulia. Joto likirudi naanza na chakula, na mkia ukijaa mapema ndiyo vizuri. Usipojaa, dume anangoja mwaka mwingine, na mwenye haraka ya mayai namwelekeza kwa mfugaji mwenzangu.